Mashuka ya Nyumba ya Kumi na Mbili

Shemeji yangu amesahau kukataa. Zamani alikuwa bingwa. Alikataa chumvi nyingi, alikataa redio wakati wa kula, alikataa katakata kuhamia kwa kaka zake ingawa walimbembeleza miaka na miaka. Tangu dada yangu, mke wake, afariki, neno lake limebaki moja: sawa. Ukimwambia mvua inakuja, sawa. Ukimwambia amevaa shati ndani nje, sawa, na shati linabaki hivyohivyo mpaka jioni. Kwa hiyo dalali alipomuuliza kama atauza nyumba yake, nililijua jibu kabla halijamtoka mdomoni.

Ngoja nieleze huyu mtu ni nani, maana ukikutana naye njiani utampita.

Watu wanamwita Bwana Funguo. Alianza kama fundi bomba, enzi zile mji wetu ulipokuwa wa kupita tu: lori linasimama, dereva anakunywa chai, safari inaendelea. Kisha ikaja lami, ukaja uwanja mdogo wa ndege, na wageni wakaanza kushuka. Mwanzo walikuja kuogelea. Halafu wakaanza kununua. Mtu yuko kwao kwenye baridi, simu mkononi, anaona picha ya veranda na kipande cha bahari, ananunua nyumba. Mimi hata nyanya sinunui bila kuibonyeza. Mwenye nyumba anakuja wiki tatu kwa mwaka, na wiki zilizobaki nyumba inapangishwa kwa wageni wengine, ambao nao wakirudi kwao wanaanza kuangalia picha za veranda. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wahenga. Kupona tumepona, sitaki kukufuru. Kazi zipo.

Nyumba kumi na moja ziko chini ya Bwana Funguo. Kila Jumanne anazizungukia zile zisizo na wageni na kuzipiga video kwa ajili ya wenyewe walioko ng'ambo. Anaanza na kufuli la geti, anaonyesha mita ya umeme, anaingia. Viatu anaviacha nje. Kila bomba analifungua mpaka maji yatoke safi, kila taa anaiwasha na kuizima. Friji la nyumba iliyofungwa linachomolewa kwenye umeme, na mlango wake unawekewa kitambaa kilichokunjwa ili usijifunge na kuota ukungu. Viti vinafunikwa. Akimaliza chumba anasema, "Sebule, salama," kisha anahamia kingine. Sheria ya kwanza ya kazi hiyo alinifundisha yeye mwenyewe: mwangalizi wa nyumba hakai. Kochi si lako, kitanda si chako, choo utatumia cha nje. Ukianza kukaa utasahau kwamba nyumba ina mwenyewe.

Mimi ni dobi. Nyumba zilezile anazozifungua yeye, mashuka yake nafua mimi, kwenye chumba cha nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, mashine mbili na meza moja ya pasi. Zamani kila nyumba ilikuwa na mashuka yake, nasi tulishona uzi wa rangi kwenye pindo ili tusiyachanganye. Ikawa kero tupu. Dalali akawaandikia wenye nyumba kwamba wageni wanapenda kitanda cheupe, wakakubali, na sasa tunanunua robota zima la mashuka meupe, saizi moja, nayo yanazunguka nyumba zote. Shuka alilolalia bwana harusi juzi, kesho analalia bibi kizee wa watu. Huyo dalali tunamwita Meneja, ingawa mtu pekee anayemsimamia ni yeye mwenyewe, na hata huyo humshinda.

Dada yangu alifariki miezi kumi na minne kabla ya haya ninayoyasimulia. Alikwenda hospitali asubuhi kwa miguu yake. Tumbo lilikuwa linamsumbua, akasema atarudi jioni. Wakamfanyia upasuaji. Siku ya tatu tuliitwa ofisini kwa daktari, na daktari akaanza kwa kutukaribisha viti. Shemeji alibaki amesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema sawa, akauliza asaini wapi. Hakulia pale, hakulia mazikoni, hakulia baada ya watu kutawanyika. Mimi nililia siku nne, kisha nikarudi kwenye mashine kwa sababu ulikuwa msimu wa wageni na hakuna mwingine wa kufua. Tangu hapo hata mimi sina hakika ninahisi nini. Nikimkumbuka dada mikono inaendelea na kazi, na kifuani kunakuwa kama mguu ulioukalia vibaya.

Hawakujaliwa mtoto. Kwa hiyo kila Jumapili nilikuwa nampelekea shemeji chakula. Anakipokea barazani, anashukuru, na siku ya pili bakuli linarudi limeoshwa. Kabla ya msiba tulikuwa watu wa utani. Nikimwambia dada alikosa wanaume siku ile ndiyo maana akamwokota yeye, ananijibu kwamba alikuja kunichumbia mimi akakuta nimelala. Siku hizi utani nautupa mwenyewe na kuuokota mwenyewe.

Nyumba yao ina vyumba viwili, sebule na jiko, na iko juu kwenye mwinuko, mahali ambapo zamani hakuna aliyepataka kwa sababu maji yalipandishwa kwa ndoo. Leo pale ndipo bahari inapoonekana yote. Wanunuzi walikuwa mwalimu mstaafu na mke wake, marafiki wa wenye nyumba namba saba. Walikuja likizo mara moja, wakakaa siku tisa, wakarudi kwao hawashikiki. Huko waliziona video za shemeji kwa marafiki zao, wakamwamini mtu ambaye hawajawahi kumwona sura, maana anayepiga video haonekani. Walitaka nyumba ya kukaa mwezi mmoja kwa mwaka, na miezi mingine waipangishe kama wenzao.

Habari hiyo Meneja aliniletea alipokuja kuchukua mataulo.

"Shemeji yako amekubali," akasema. "Mtu mwelewa sana yule."

"Amesemaje?"

"Amesema sawa."

Niliweka pasi mahali pabaya, foronya moja ikaungua. Nikatoka vilevile na aproni yangu, nikamkuta shemeji nyumba namba nne, bafuni, anasubiri maji ya moto yafike.

"Ni kweli unauza nyumba?"

"Meneja ameuliza."

"Na wewe umemjibu nini?"

"Sawa."

"Kwa nini, shemeji?"

Akafikiri. "Wanaitaka."

"Kwa hiyo mtu akitaka ndiyo apewe? Nikija na kisu nikakwambia nataka figo lako, utasema sawa?"

Zamani angeniuliza la kushoto au la kulia. Alitia kidole kwenye maji. "Yamepata moto," akasema, akafunga bomba, akanyanyua simu. "Bafu, salama."

Nilimkasirikia mpaka masikio yakaniwaka. Sikuwa na haki yoyote ya kisheria kwenye nyumba ile na nilijua. Nilichotaka ni kimoja: akatae. Kaburi la dada lipo, nalipalilia, lakini kaburini hakuna kitu alichowahi kukifanya. Nyumbani kwake kila msumari aliusimamia yeye ukigongwa. Nyumba ikienda, dada yangu hatakuwa na mahali tena.

Wanunuzi wakaomba waione nyumba kwa simu, moja kwa moja, Alhamisi saa nne asubuhi. Hakuna aliyenialika. Nilikwenda nikiwa nimejipanga: nitasema paa linavuja, nitasema jirani ana majogoo saba na yote hayana adabu.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka kizingiti kile tangu msiba. Nikasimama sebuleni. Viti vyote vilikuwa vimefunikwa. Sakafu inang'aa, hakuna kiatu, hakuna gazeti, hakuna hata harufu ya chai. Nikaenda jikoni. Friji limechomolewa, mlango wake umewekewa kitambaa kilichokunjwa mara nne. Mlango wa stoo ya jikoni ulikuwa wazi, na ndani kulikuwa na godoro jembamba lililokunjwa, begi la nguo na kikombe kimoja.

Shemeji alikuwa nyuma yangu.

"Unalala humu?" nikamuuliza.

"Panatosha."

"Na chooni?"

"Natumia cha nje."

Miezi kumi na minne. Nilikuwa nimesimama barazani kila Jumapili na bakuli langu, nikidhani namletea chakula mtu anayeishi nyumbani kwake. Yale ya paa na majogoo yakanitoka kichwani.

Meneja akaingia na tai yake na simu yake kubwa, akapiga, zikatokea nyuso mbili zilizosogeleana, mwanamume mwenye miwani na mwanamke mwenye nywele nyeupe. Walitupungia mikono. Meneja akampa shemeji simu, maana kazi ya kuzungusha ni yake, yeye akawa mkalimani. Shemeji akafanya alivyozoea. Alitoka mpaka nje akaanza na kufuli. Mita. Sebule. Jiko, bomba likafunguliwa, maji yakatoka safi. Mwanamke akasema neno.

"Anauliza nani anakaa humu kwa sasa," akasema Meneja.

"Hakuna mtu," akasema shemeji.

Meneja alitafsiri kwa furaha, kwa sababu nyumba isiyo na mtu inakabidhiwa haraka. Mimi nilikuwa namwangalia shemeji usoni. Hakuwa anadanganya.

Akaingia chumba kidogo, akafungua dirisha, akalifunga, akatoka. Kwenye ujia kuna mlango mwingine. Akaupita. Mwanamke akauliza tena, na hili nililielewa bila mkalimani, kwa sababu alinyoosha kidole.

"Stoo," akasema shemeji.

"Hicho ni chumba cha kulala," nikasema mimi, nikashika kitasa nikafungua.

Nilitaka wale watu waone kwamba nyumba ina mwenyewe. Nilitaka waone aibu. Sikujua mlango ule ulikuwa haujafunguliwa tangu siku ile.

Pazia zimefungwa, vumbi sakafuni. Kandambili moja imepinduka. Gauni la kulalia liko kwenye msumari. Dada hakuwahi kutandika kitanda kabla ya kunywa chai, na asubuhi ile hakunywa chai, kwa hiyo kitanda kilikuwa kama alivyokiacha: shuka limefunuliwa upande wake, mto una shimo. Mashuka yenyewe nilimpa mimi, jozi moja niliyoiomba kwa Meneja robota la kwanza lilipofika. Na jambo la kwanza lililonijia akilini, Mungu anisamehe, ni kwamba yamekaa miezi kumi na minne bila kufuliwa.

Shemeji alisimama kizingitini. Akazungusha simu chumba kizima.

"Chumba cha kulala," akasema kwa sauti yake ya Jumanne. "Madirisha mawili. Hakijafanyiwa usafi."

Kule upande wa pili mwanamume akasema kitu kirefu.

"Wanauliza kama kitanda kitaondolewa kabla ya makabidhiano," akasema Meneja.

"Kitaondolewa," akajibu shemeji.

Mwanamke akasema madirisha yanapendeza. Simu ikakatwa, Meneja akatupa mikono sote wawili, akateremka mlima anapiga mluzi. Biashara niliyokuja kuivunja ilifungwa mbele ya macho yangu, na mlango uliowauzia niliufungua mimi.

Tulibaki kwenye ujia. Nilitaka kuomba radhi. Nikasema, "Bado unaweza kukataa. Hujasaini."

"Nikikataa?"

"Ukae kwako."

"Siwezi kukaa." Alisema polepole, kama mtu anayesoma maandishi madogo. "Nimejaribu. Nikikaa kwenye kiti namsubiri. Nikisimama naweza. Wamesema wakinunua niendelee kuwaangalizia. Ikiwa ya wengine nitaingia. Ni kazi, nitaingia tu."

Miezi yote ile hakuwa amesema maneno mengi kiasi kile kwa mkupuo. Nikaona kwamba nilikuwa nampigania dada, na huyu niliyemwona kila wiki sikumtazama. Hasira iliisha. Haikuacha kitu mahali pake.

"Basi nitakutolea mimi vitu vya humu ndani," nikasema. "Wewe usijisumbue. Nguo nitazikunja, kitanda tutamwita fundi. Mashuka nitayafua..."

"Hayo usiyafue."

Nikamtazama.

"Nayataka," akasema. "Hivyohivyo yalivyo. Usiyafue, shemeji."

Tangu siku ya daktari sikuwa nimemsikia akitaka kitu, hata maji ya kunywa. Nikamwambia sitayafua. Nikamwapia kwa jina la mama yetu, na mama yetu siapi kwa jina lake ovyo.

Makabidhiano yakapangwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya wageni kubadilishana: wa zamani wanatoka asubuhi, wapya wanaingia saa nane mchana. Ningeweza kuomba siku nyingine. Haikunijia kuomba.

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa kwake. Nguo za dada nilizifunga kwenye mabegi mawili, zikaenda kwangu. Mto nilimpa shemeji mkononi, akaushika kama kifurushi cha mtu mwingine. Kisha nikavua kitanda. Mikono yangu inajua kuvua kitanda: kona mbili za miguuni, kona mbili za kichwani, unaviringisha kwa ndani ili vumbi lisimwagike, unatia mfukoni, unafunga fundo. Sikumaliza hata dakika. Nilipoinua macho mfuko wa buluu ulikuwa umeshafungwa, na shemeji alikuwa anautazama.

"Utauweka wapi?" akauliza.

"Kwangu kazini, rafu ya juu. Hapa patakuwa na mafundi, utapotea."

"Nikishakabidhi funguo nitapita. Kama saa saba."

"Saa saba utaukuta."

Nikaufunga kwenye keria ya baiskeli, nikateremka.

Mifuko ya nyumba tatu ilikuwa imeshaletwa, iko sakafuni mlangoni, buluu kama huu. Umeme ulikuwa umekatika tangu saa moja. Niliteremsha mfuko wangu, nikaushika mkononi nikiitazama rafu, na simu ikalia. Ni Meneja: wageni wa namba tisa wameongezeka, wanataka foronya nne zaidi, halafu je, mashuka yatakuwa tayari, halafu umeme ukichelewa itakuwaje. Nikamwambia akaulize wenye umeme. Nikauweka mfuko chini ili nitafute foronya kabatini.

Umeme ulirudi saa tatu kasoro. Nilikuwa na saa tano za kufua, kukausha na kupiga pasi, na mwenzangu wa pasi alikuwa likizo ya uzazi. Mazoea yana tabu. Nilifungua fundo, nikamwaga, nikafungua fundo, nikamwaga, sabuni, dawa ya kutoa madoa, maji ya moto, mlango, kitufe. Sikumbuki mfuko mmoja mmoja. Nakumbuka nilikuwa nawaza kama jua litatosha juu ya dari ninakoanika, na kama nimekula.

Jua lilitosha, na upepo ulikuwepo. Kufikia saa sita na nusu nilikuwa mezani napiga pasi, nakunja, napanga. Nyumba tatu, vitanda kumi, mashuka ishirini. Nilipoliweka la ishirini juu ya rundo, nikanyoosha mkono kwenye kapu ili niligeuze, na kapuni mlikuwa na mawili.

Nikahesabu upya. Ishirini na mawili. Nikaitazama rafu, kisha nikaitazama sakafu ya mlangoni, na pale palikuwa na mifuko minne mitupu.

Sikupiga kelele. Nilizima pasi, hilo nalikumbuka, kwa sababu ya ile foronya. Nikaanza kuyafunua moja moja juu ya meza nikitafuta doa, uzi uliochomoka, chochote. Yote yalitoka robota moja, yote yalifuliwa na mimi mara mia, yalikuwa meupe. Hata yale mawili ya mwisho hayakuwa ya dada kwa sababu tu yalikuwa ya mwisho. Mashine haina foleni.

Shemeji alipita saa saba kamili. Alikuwa amevaa shati safi, na upande gani liko sikuangalia. Mkononi alikuwa na funguo za nyumba yake, alizorudishiwa kama mwangalizi, tayari zimetiwa kibao cha namba kumi na mbili.

Ningeweza kumpa yoyote mawili, yaliyokunjwa, kwenye mfuko wa buluu. Wazo hilo lilinijia, tena lilikaa kidogo.

"Nimeyafua," nikasema.

Hakuelewa.

"Mashuka ya dada. Yalichanganyika na mengine, nimeyafua yote. Yamo humu. Sijui ni yapi."

Alisogea mezani. Aliziweka funguo pembeni, akajifuta viganja kwenye suruali, akachukua shuka la juu. Akaliinua mpaka usoni. Akavuta pumzi, taratibu, akaliweka upande wa kulia. Akachukua la pili. Alikuwa na utaratibu wake kama wa Jumanne, hakuruka hata moja, na kila alipomaliza moja alilinyoosha kwa kiganja ndipo akashika lingine. Nilitaka kumwambia aache, ni sabuni tupu, mimi ndiye ninayejua sabuni ile. Sikumwambia. Nilisimama upande wa pili wa meza na mikono yangu, na nilikuwa naichukia.

La tisa. La kumi na nne. Lilipofika la ishirini alianza kupumua kwa mdomo. La mwisho hakuliweka. Alilibana usoni kwa mikono yote miwili, na mabega yakaanza kumcheza, na sauti ikamtoka, sauti ya chini ambayo sikuwa naijua ingawa nimemjua mtu huyu miaka ishirini na moja. Alilia. Alilia kilio cha daktari, na cha mazikoni, na cha kila Jumanne, ndani ya shuka ambalo huenda lilikuwa la mkewe na huenda lilikuwa la watalii wa namba tisa.

Nilizunguka meza nikamshika bega. Nilisubiri na mimi nilie. Ilikuwa haki yangu, alikuwa dada yangu kabla hajawa mke wa mtu. Hakuna kilichokuja. Ukutani saa ilikuwa saa saba na nusu.

Alipotulia alikunja lile alilolilia, akachukua na lingine lililokuwa karibu, bila kuchagua. Akayatia kwapani.

"Namba kumi na mbili wanaanza kuingia mwezi ujao," akasema, sauti imekauka. "Itahitaji mashuka manne."

"Nitayatenga," nikasema.

Akatoka. Nikawasha pasi, kwa sababu yote yalikuwa yamekunjamana tena. Nikayapanga ishirini, nikapanda baiskeli, nikatandika vitanda kumi, kona za miguuni, kona za kichwani. Kila kitanda nilipokimaliza nilisimama kidogo mlangoni nikakiangalia, nikaona kitanda.

Wageni wa namba tisa walinikuta bado niko ndani. Msichana mmoja wao alikuwa amechoka na safari, akajitupa kitandani na viatu vyake, akavuta shuka mpaka kidevuni, akafumba macho. Akasema linanukia vizuri. Nikamwambia asante.